Kupima Kabla ya Kutia Dawa: Maji ya Mabwawa ya Kuogelea Majumbani

Maelezo yaliyotolewa na afisa afya katika mkutano wa wakazi wa kata. Yamechapwa kama yalivyosemwa, isipokuwa salamu ambazo zimefupishwa.



Huenda wapo wanaojiuliza kwa nini mkutano ambao kwa kawaida huzungumzia vyoo, taka na visima, leo umetenga muda kwa ajili ya mabwawa ya kuogelea. Mwenye bwawa ana uwezo, watasema, basi shida yake aitatue mwenyewe. Hoja hiyo ingekuwa na nguvu kama maji ya bwawa yangekuwa ya mwenye nyumba peke yake. Tufanye hesabu ndogo. Bwawa lenye urefu wa mita 10, upana wa mita 4, na kina cha mita 1 upande mmoja na mita 1.5 upande wa pili, lina kina cha wastani cha mita 1.25. Zidisha vipimo hivyo vitatu, utapata mita za ujazo 50, yaani lita 50,000. Hizo ni ndoo 2,500 za lita 20. Bwawa hilo likigeuka kijani na mwenyewe akaamua kuyamwaga maji yote na kujaza upya, ndoo 2,500 zimekwenda mferejini, na nyingine 2,500 zinavutwa kutoka kisima kirefu kilichochimbwa katika ardhi ile ile ambayo jirani yake naye anachota. Katika ukanda huu wetu wa pwani, toka Mapinga na Kerege hadi Zinga, nyumba mpya zimeongezeka na visima vimeongezeka pamoja nazo. Kisima cha pwani kikivutwa kupita kiasi, maji ya bahari husogea chini kwa chini, na chumvi haibagui kisima cha mwenye bwawa na cha asiye nalo.

Tena kuna watoto. Siku za Idi na za Krismasi, nyumba yenye bwawa hupokea watoto wa nusu ya kitongoji. Hao ndio walionifanya nikubali kuja kusema leo.

Neno langu kuu ni hili. Maji mengi yanayomwagwa hayakuwa yamefika mahali pa kumwagwa. Yalitiwa dawa bila kupimwa, yakatiwa tena, yakazidi kuharibika, kisha yakalaumiwa maji. Nitaeleza jinsi jambo hilo linavyotokea, kwa kuwa anayelielewa hatahitaji kukariri kanuni nyingi.

Tuanze na klorini yenyewe. Klorini ikiingia majini hugawanyika katika sura mbili. Sura ya kwanza ina nguvu, nayo ndiyo inayoua vijidudu. Sura ya pili ni dhaifu sana. Kinachoamua ni kiasi gani kitakuwa katika sura ipi ni kipimo cha pH, yaani kipimo cha ukali wa maji, ambacho huonyesha kama maji yameelemea upande wa tindikali au upande wa besi. Saba ni katikati. Katika pH ya 7.2, takriban theluthi mbili ya klorini iko katika sura yenye nguvu. Ikifika 7.5, ni kama nusu. Ikifika 8, ni kama robo tu. Ikipanda hadi 8.5, si hata sehemu moja kati ya kumi. Basi fikirini mtu ambaye maji yake yana pH ya 8.5. Anaona mwani wa kijani unaanza kwenye kuta, anamwaga klorini ya unga, haoni badiliko, kesho anamwaga tena. Klorini hiyo ya unga nayo hupandisha pH. Kila anapoongeza dawa, anaidhoofisha dawa iliyomo. Mtu huyu hana ubahili wala uvivu. Ametumia fedha nyingi kuliko jirani yake mwenye maji safi.

Kwa sababu hiyo, pH iwe kati ya 7.2 na 7.8, na ni vyema zaidi ikikaa karibu na 7.4. Chini ya 7.2 maji huwa makali: huwasha macho, hula saruji iliyo katikati ya vigae, na hutafuna vyuma vya pampu. Klorini huru, maana yake ile ambayo bado haijafanya kazi, iwe kati ya miligramu 1 na 3 kwa kila lita. Katika maji yasiyo na kitu cha kuikinga klorini, yenye pH ya 7.5, miligramu 1 kwa lita huua bakteria aina ya E. koli kwa muda usiozidi dakika moja. Kirusi cha homa ya ini aina ya A huchukua dakika kama 16. Lakini kipo kijidudu kiitwacho kriptosporidiamu, kisababishacho kuhara, ambacho katika maji hayo hayo huishi zaidi ya siku 10. Kwa hiyo mtoto anayeharisha asiingie bwawani kabisa, hata kama mwenye nyumba anaapa kwamba maji yake ni safi kama ya chupa. Hapo klorini haina la kumsaidia, na wageni wote watakunywa kidogo kidogo bila kujua, maana hakuna mtoto anayeogelea asimeze maji.

Ndugu wakazi, pH haisimami mahali pamoja kwa kuamriwa. Ina kitu kinachoishikilia, nacho huitwa alkalini ya maji. Mnaweza kuifikiria kama nanga ya mashua. Nanga ikiwa nyepesi, mvua kidogo au dawa kidogo huipeleka pH huku na huku. Nanga ikiwa nzito mno, pH hupanda na kukataa kushuka. Kipimo kizuri ni miligramu 80 hadi 120 kwa lita. Hapa ndipo asili ya maji inapokuwa na maana, na hapa ndipo ushauri wa kusoma kwenye kopo la dawa lililotengenezwa nchi nyingine unapotupotosha.

Sehemu nyingi za pwani yetu zimekaa juu ya mawe ya matumbawe, ambayo ni chokaa. Maji ya kisima kirefu yanayopita humo huja na chokaa nyingi na alkalini nyingi. Tena huja yamebeba hewa ya kaboni dayoksaidi iliyofungiwa ardhini. Yakishatoka juani na kurushwarushwa na pampu, hewa hiyo hutoroka na pH hupanda yenyewe pasipo mtu kutia kitu. Mwenye bwawa la maji ya kisima kwa hiyo atahitaji tindikali mara kwa mara, kidogo kidogo. Maji ya bomba yatokayo mto Ruvu, na maji ya mvua yanayokusanywa kutoka mapaani, mara nyingi hayana uzito wa namna hiyo. Na anayenunua maji ya boza hajui amepewa ya wapi, kwa hiyo apime kila boza linapokuja. Nimeona watu wawili, majirani wa ukuta mmoja, wakinunua dawa zile zile kwa sababu mmoja alimshauri mwenzake kwa nia njema. Mmoja alikuwa na maji ya bomba, mwingine ya kisima. Ushauri ulimfaa aliyeutoa.

Utaratibu, basi, uwe huu: alkalini kwanza, kisha pH, klorini mwisho. Kama alkalini iko chini, huongezwa kwa baikaboneti ya soda, ambayo ni jamaa ya ile wapishi wanayoumulia keki. Kwa bwawa letu la lita 50,000, kuipandisha alkalini kwa miligramu 20 kwa lita kunahitaji kilo 1.7 hivi. Magadi ya sokoni yasitumike badala yake. Hayana kipimo kinachojulikana, na hupandisha pH upesi kuliko alkalini. Kama alkalini au pH iko juu, hushushwa kwa tindikali, na kiasi chake sitakitaja hapa kwa sababu hutegemea vipimo vyote viwili na nguvu ya tindikali yenyewe. Kifuatwe kilichoandikwa kwenye chombo, nusu ya kiasi kwanza, pampu izungushe maji kwa saa kadhaa, ipimwe tena, ndipo nusu ya pili itiwe ikihitajika. Kuhusu klorini ya unga yenye nguvu ya asilimia 65 hadi 70, gramu 75 hupandisha lita 50,000 kwa takriban miligramu 1 kwa lita. Itiwe jioni jua likishazama, pampu ikiwa inafanya kazi. Jua letu la pwani likiikuta klorini isiyo na kinga, huiharibu sehemu kubwa kwa saa mbili tu. Anayetia dawa saa nne asubuhi analilisha jua.

Hapo nimegusa habari ya kinga, na nataka nikae juu yake, kwa maana naamini ndiyo inayomwaga maji mengi kuliko sababu nyingine yoyote.

Madukani kuna vidonge vikubwa vyeupe vya klorini, vinavyowekwa ndani ya kijungu kinachoelea. Ni rahisi, havihitaji kupimwa kila jioni, na kijana wa bustani anaweza kuachiwa. Vidonge hivyo vina vitu viwili ndani yake: klorini, na tindikali ya sayanuriki ambayo mafundi huiita stabilaiza. Stabilaiza huikinga klorini dhidi ya jua, na kwa kiasi cha miligramu 30 hadi 50 kwa lita ni msaada mkubwa. Shida ni kwamba klorini hutumika ikaisha, lakini stabilaiza hubaki. Kila miligramu 10 za klorini kutoka katika vidonge huacha kama miligramu 6 za stabilaiza. Bwawa linalokula miligramu 2 za klorini kwa siku litakuwa limeongeza zaidi ya miligramu 70 za stabilaiza kwa siku 60. Na stabilaiza ikizidi, huishika klorini kwa nguvu mno hata isiweze kufanya kazi yake kwa wakati. Kipimo kitasema klorini ipo. Maji yatageuka kijani. Mwenye nyumba atachanganyikiwa, na kwa haki, kwa sababu kipimo hakikudanganya: klorini ipo, ila imefungwa mikono.

Hakuna dawa ya kawaida ya kuiondoa stabilaiza. Njia ni kupunguza maji na kuweka mapya. Ndiyo maana ninasema bwawa lililotegemea vidonge mwaka mzima limeandikiwa kumwagwa siku lilipoanza. Ushauri wangu ni kutumia vidonge mpaka kipimo cha stabilaiza kifike miligramu 30 au 40, kisha kuviacha na kuendelea na klorini ya unga au ya maji ambayo haina stabilaiza. Sifichi kwamba klorini ya unga nayo ina gharama yake: huacha kalsiamu, na katika maji ya kisima ambayo tayari yana chokaa, tabaka jeupe litaonekana kwenye vigae na ndani ya mabomba. Mwenye maji magumu sana achague klorini ya maji, ainunue kwa kiasi kidogo, kwa kuwa joto huidhoofisha ikiwa bado dukani au stoo. Kati ya madhara haya, naona chokaa kwenye vigae ni nafuu. Inasuguliwa ikatoka.

Jambo moja ambalo lazima niliseme kwa sauti. Vidonge hivyo na klorini ya unga visikutane vikiwa vikavu, wala katika kijungu kimoja, wala kwa kijiko kimoja chenye unyevu. Huweza kuwaka moto au kulipuka. Klorini ya aina yoyote isikutane na tindikali, kwa kuwa hutoa hewa ya sumu inayounguza mapafu. Dawa ndiyo itiwe katika maji. Maji yasimwagwe juu ya dawa. Visihifadhiwe karibu na petroli, mafuta ya kupikia wala vitambaa vyenye mafuta, na kila kimoja kiwe na chombo chake chenye jina lake. Chupa ya soda isitiwe tindikali hata kwa dakika tano.

Nayasema haya nikiwafikiria vijana wetu wanaofanya kazi katika nyumba hizo. Mara nyingi kijana huajiriwa kufyeka majani, akaongezewa kazi ya bwawa bila maelezo, bila glavu, bila miwani, akielekezwa kwa kunyooshewa kidole ndoo ilipo. Ukimwajiri kijana wa jirani yako, umechukua mtoto wa mtu. Mnunulie glavu za mpira na miwani, mweleze kila chombo kina nini, na umfundishe kusoma vipimo. Mnunue pia kwa muuzaji aliyesajiliwa na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, si dawa iliyofunguliwa na kupimwa kwenye mifuko isiyo na maandishi. Likitokea la kutokea, ondokeni mahali hapo kwa kuelekea upande upepo utokako, mpigieni Zimamoto namba 114, na aliyevuta hewa hiyo apelekwe kituo cha afya hata kama anasema amepata nafuu.

Kupima kwenyewe si kazi ngumu. Kuna vikaratasi vinavyobadilika rangi, na kuna vichupa vya matone. Matone ni sahihi zaidi. Kwa mtu mwenye haraka, vikaratasi vinatosha kwa pH na klorini, ila visiachwe wazi kwenye hewa yetu yenye unyevu. Maji ya kupima yachotwe kina cha mkono hadi kiwiko, mbali na mdomo wa bomba. Klorini na pH zipimwe kila siku bwawa linapotumika, alkalini kila wiki, stabilaiza kila mwezi. Yaandikwe kwenye daftari. Baada ya mvua kubwa ya masika yapimwe upya yote, na vivyo hivyo baada ya sherehe ya watoto.

Kuhusu sherehe, wengi hudhani kwamba harufu kali inayochoma pua ni dalili ya klorini nyingi. Mara nyingi ni kinyume chake. Harufu ile hutoka kwa kloramini, ambazo huzaliwa klorini inapokutana na jasho na mkojo. Macho mekundu ya watoto nayo yana asili hiyo hiyo. Bwawa lenye harufu hiyo linaomba klorini zaidi, na linaomba watoto waoge kwa sabuni na kwenda haja kabla ya kuingia. Bafu la nje lenye ndoo na kata linatosha.

Kisha kuna uwazi wa maji, ambao hauhitaji kifaa. Simama ukingoni utazame tundu la kutolea maji lililo chini, upande wenye kina. Kama hulioni vizuri, mtu yeyote asiingie siku hiyo, hata klorini iwe imetimia na wageni wamekwisha kufika. Mtoto akizama ndani ya maji yenye ukungu, aliyesimama hatua mbili kutoka hapo hamwoni. Watoto hawazami kwa kelele. Uzio wenye lango linalojifunga lenyewe uwepo siku zote, na mtu mzima mmoja apewe kazi ya kutazama tu, asiwe huyo huyo anayechoma nyama.

Bwawa lisilotumika nalo ni la kata nzima. Mwenye nyumba akisafiri, pampu ikazimwa ili kuokoa umeme, maji yaliyosimama bila dawa hugeuka mazalia ya mbu. Dar es Salaam ilipata mlipuko wa homa ya dengi mwaka 2014, ukarudi mwaka 2019. Anayesafiri aache mtu wa kuendesha pampu na kutia klorini, au afunike bwawa vizuri pasibaki dimbwi juu ya turubai. Wengine wametumia mrututu ili kuzuia mwani. Kidogo hufanya kazi. Ukizidi huacha madoa kwenye kuta na kuzigeuza nywele nyeupe za wazee kuwa za kijani, na hautoki majini kwa urahisi.

Nimeulizwa na mama mmoja hapa mbele kama maji ya bwawa yanaweza kuchotwa wakati wa shida ya maji. Kwa kusafisha vyoo na kupiga deki, ndiyo. Kwa kunywa na kupikia, hapana, hata yakichemshwa, kwa kuwa kuchemsha hakuondoi stabilaiza wala chumvi zilizokusanyika humo.

Nimeulizwa pia namna ya kupunguza maji pale inapolazimu. Yapunguzwe kwa sehemu, robo au theluthi, yapimwe, ndipo yapunguzwe tena. Bwawa lisiachwe tupu wakati wa masika, maana maji ya ardhini yakipanda hulisukuma sanduku tupu la saruji kutoka chini, na linaweza kupasuka au kunyanyuka. Kabla ya kuyatoa, acheni kutia klorini kwa siku kadhaa, jua lifanye kazi yake, mpaka kipimo kisome sifuri. Kisha myaelekeze polepole kwenye minazi na nyasi za uwanja wenu wenyewe. Yasielekezwe kwenye mfereji wa barabara unaoteremkia mikokoni, wala karibu na kisima cha jirani.